Kijiko Changu Kwenye Santuri ya Ivonne

Mimi nimeimba kwenye santuri. Tena si santuri ya kutupiwa watoto waichezee, ni ile ya Ivonne Montaraz, "Jioni Moja Bandarini", iliyorekodiwa mbele za watu hapahapa Veracruz, ikapigwa redioni nchi nzima. Weka upande wa pili, wimbo wa katikati, tega sikio: ndiye mimi. Basi, nimesema nimeimba, tuseme nimesikika. Na tukishafika huko kwenye ukweli, aliyesikika si mimi, ni kijiko changu.

Sisi wa bandarini tukitaka maziwa hatuiti mtu. Unaletewa kahawa nzito chini ya glasi, na ukiwa tayari unagonga glasi kwa kijiko, ti-ti-ti, naye mhudumu mwenye birika anakuja kukumiminia maziwa kutoka juu kama anayemwagilia maua. Mtoto wa hapa hujua kugonga glasi kabla hajajua kusema mama. Kwa hiyo wale watu wa mji mkuu walipokuja na nyaya zao na mashine zao za kunasa sauti, wakatutangazia, "Mabibi na mabwana, wimbo ukianza, kimya kabisa," sisi tulitii. Tulifunga midomo. Vijiko havikutajwa.

Ukumbi wenyewe ni Pelikano, mali ya Hilario, mchana mkahawa na jioni kabare. Una jukwaa dogo, pazia jekundu lililoliwa na nondo, na nguzo ya chuma katikati iliyosimamishwa na mtu aliyeuchukia muziki. Meza ya nguzoni ilikuwa yangu na Domitila, somo yangu. Tulipewa hiyo kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Ili umwone mwimbaji inakubidi uinamishe shingo kama kuku anayesikiliza radi.

Domitila ni mshonaji. Mumewe, Nicanor, alikuwa mchochea moto kwenye meli ya kupakia sukari, na meli hiyo ilikutwa na upepo wa kaskazini ikiwa njiani kurudi. Bahari ilirudisha mbao na boya moja. Watu haikurudisha. Kuanzia hapo kila Jumamosi Domitila akija Pelikano huagiza glasi mbili, yake na ya Nicanor. Haombolezi, haongei nayo, hafanyi maajabu. Anaiweka tu pale alipokuwa akikaa mumewe. Ikishapoa naimaliza mimi, maana Nicanor hakuwa mtu wa kupenda kitu kiharibike.

Sasa, jioni ile ya kurekodi, kabla pazia halijafunguliwa, Hilario alikuja mezani kwetu anatweta.

"Bi Domitila, niokoe. Msanii wangu yuko uchi."

"Uchi kiasi gani?" nikauliza.

"Bi Chona, wewe sijakuita."

Zipu ilikuwa imepasuka. Ivonne alivaa gauni la dhahabu, limembana hata ungeweza kukisia alichokula mchana, na mgongoni, chini kidogo ya mabega, meno ya zipu yalikuwa yameachana kabisa. Domitila hatembei bila sindano. Mimi nilishika taa na pini. Akaanza kumshonea gauni humohumo mwilini, na kwetu ukimshonea mtu nguo akiwa ameivaa ni lazima mzungumze, tena mazungumzo ya kweli, sindano isije ikamshonea na akili. Mama zetu walituambia hivyo na hatujapata wa kutubishia.

"Jina lako nani?" Ivonne akauliza.

"Domitila. Nyumbani naitwa Tila."

"Basi Tila, niambie. Nimechungulia pazia nikakuona. Mbona mbele yako kuna glasi mbili?"

Tila akamwambia. Alimwambia yote, sindano ikipanda na kushuka: meli, upepo, boya, glasi. Sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi kiasi hicho kwa mtu asiye wa mtaani. Na Ivonne alilia. Nasema alilia kweli, machozi yenyewe, mpaka akalazimika kuyapokea kwa ncha ya leso yasiharibu rangi ya macho. Nimeyafikiria sana machozi yale. Yangekuwa ya uongo, hasira yangu ingekuwa imeshapoa zamani.

Pazia likafunguliwa. Aliimba vizuri, sitamnyima haki yake. Ana sauti ile yenye mkwaruzo, kama mtu anayekusimulia siri huku amekasirika, na katikati ya nyimbo anapiga soga, anamtania mwenye upara, anamwuliza mwenye mke mdogo kama huyo ni binti yake. Ndiyo kazi ya kabare. Kisha akaanza ule wimbo wa kuagana, wa taa inayozimwa dirishani, piano peke yake nyuma. Watu hawakupumua. Nami kahawa yangu ilikuwa imefika, nyeusi tii, na mkono wangu haukuomba ruhusa kwa kichwa.

Ti-ti-ti.

Ivonne akanyamaza. Piano ikanyamaza. Akatazama gizani, akangoja, fundi yule ajuaye kungoja.

"Mapenzi yanakufa hapa," akasema taratibu, "na kuna mtu anataka maziwa."

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Hata mimi nilicheka, mzaha ule ulikuwa wangu kihalali. Angeishia hapo ningempenda hadi kaburini. Lakini mtu wa jukwaani akionja kicheko kimoja ni kama mbuzi aliyeonja chumvi.

"Nani huyo? Ni yule mama wa nguzoni? Mwenye glasi mbili? Ya pili ya nani, mama, ya mume?" Akangoja tena. "Yuko wapi? Alienda kununua sigara?" Kicheko. "Lini? Mwaka juzi?" Kicheko zaidi. "Basi mama, kunywa zote mbili. Huko aliko, maziwa anapewa."

Watu walipiga meza, wakapiga vigelegele, mtu mmoja alidondoka kitini. Tila hakugeuka. Alinyoosha tu mkono akaufunika juu ya glasi ya Nicanor, kama unavyofunika kinywaji nzi wasiingie, akaacha mkono hapo mpaka mwisho wa onyesho.

Tungesahau, pengine. Kicheko cha jioni moja huisha na jioni. Lakini hiki walikikata kwenye plastiki wakakiuza. Santuri ilitoka kabla ya Kwaresima, na watu hawakununua nyimbo, walinunua mama wa glasi mbili. Redio ikawa inauruka wimbo inapiga mzaha. Mwenye duka akidaiwa chenji anasema imeenda kununua sigara. Dereva wa basi la soko aliandika nyuma ya basi lake, kwa rangi nyekundu, "Huko aliko maziwa anapewa." Na mtaani, ambako kila mtu alijua ni nani anayeagiza glasi mbili, wakaanza kumwona Nicanor. Mmoja kamwona Tampico na mwanamke mnene. Mwingine kamwona akiuza viatu Puebla, kanenepa, kaoa. Watu waliokwenda ufukweni kuokota mbao za meli ile kwa mikono yao, watu haohao, wakaanza kusema, "Lakini maiti hatukuiona, sivyo?"

Tila alisomesha misa ya mumewe kama kila mwaka. Padri aliposema, "Tumwombee Nicanor, aliyetutoka," kuna mtu nyuma akakohoa kicheko, na kicheko kile kikapita kwenye viti kama panya. Nilimjua. Nilimngoja nje, nikamkanyaga kidole chenye ukucha mbovu. Lakini huwezi kukanyaga nchi nzima.

Tila akaacha kuja Pelikano.

Kisha jioni moja nilikuwa kwake, anapiga pasi, redio imewashwa, na mtangazaji akamwuliza Ivonne huyo mama ni nani hasa. Ivonne akacheka ile sauti yake ya mkwaruzo. "Hayupo, mpenzi wangu. Nilimbuni palepale jukwaani. Mambo mengine hukushukia tu kutoka mbinguni."

Tila aliinua pasi. "Kwa hiyo mimi sipo," akasema, akaendelea na kola.

Mtauliza kwa nini mimi sikusema, wakati nilishika taa. Nilisema. Nilisema sokoni, nilisema kanisani, nilisema kwenye foleni ya mafuta ya taa. Lakini mimi ni Chona, niliyemuuzia padri kasuku bubu nikamwambia ni mcha Mungu, anasali kimoyomoyo. Neno langu hapa bandarini linapokelewa kama samaki wa jana, kwa kunuswa kwanza.

Miaka ikapita. Nyimbo za Ivonne zikachujuka, wakaja vijana wenye magitaa ya umeme. Ndipo Hilario akapita nyumba hadi nyumba kama aliyeoteshwa: Ivonne anarudi. Anarekodi santuri ya pili, Pelikano uleule, gauni lilelile la dhahabu limeshonwa upya, na mzaha uleule. Jumapili saa kumi na moja jioni, kwa kuwa hao wa mashine waliogopa upepo wa usiku usiwakatie umeme.

"Na meza ya nguzoni?" nikamwuliza.

Hilario akakwaruza ukuta kwa kucha. "Hiyo ina mtu."

"Nani?"

"Binti wa michezo ya kuigiza, kutoka mji mkuu. Atavaa shali nyeusi, atakuwa na glasi mbili, atagonga akipewa ishara. Usinitazame hivyo, Bi Chona. Ni sanaa."

Nimeishi sana, nimeona mtu akikodi jeneza, nimeona mtu akikodi shahidi. Kumkodi mtu awe Tila, na Tila mwenyewe yuko nyumba ya tatu kutoka kona, amekaa na cherehani yake, hilo lilinifanya nione moto mbele ya macho.

Nikakaanga mikate yangu ya kaa, nikaifunika kitambaa, nikaenda Pelikano mchana wa Jumapili hiyo, wakati wa mazoezi. Ivonne alikuwa chumba kilekile cha nyuma, kwenye kiti kilekile, uso bila rangi. Amezeeka vizuri, kama ngozi ya mkoba mzuri.

"Asante, mama, ila mimi sili kabla ya kuimba," akasema, akala miwili.

"Nimekuja kwa ajili ya mama wa glasi mbili."

Akacheka. "Kila mji wananiletea mmoja. Puebla walikuja wanne, wakapigana."

"Huyu ndiye. Mlizungumza naye."

"Wapi?"

"Hapo ulipokaa."

Alijifuta vidole, kimoja kimoja. Mimi makusudi sikutaja jina, sikutaja sindano wala zipu. Nilitaka kuona atatoa nini mwenyewe.

"Mumewe hakwenda kununua sigara," nikasema. "Alizama. Na aliyesimuliwa hayo analijua hilo tangu jioni ile."

Sasa hakucheka. Kwa muda mfupi nilidhani atasema. Kisha akageukia kioo, akachukua penseli ya nyusi. "Pole zake. Lakini mama yangu, mimi mtu huyo sijawahi kumtia machoni. Nilimtoa hapa." Akajigusa kipaji cha uso kwa penseli, akajiachia doa. "Asante kwa mikate."

Nikaenda moja kwa moja kwa Tila. Nilimweleza yote, pamoja na shali nyeusi ya kukodi. Nilidhani atalia. Alikata uzi kwa meno.

"Mtoto huyo wa maigizo, shali yake ni nzuri?"

"Sijui, Tila. Mimi nakuletea moto, wewe unaniuliza habari za shali."

"Sitaki aniombe radhi," akasema. "Radhi nitaiweka wapi? Nataka aseme alijua. Hapo kwenye mashine zao, alikosemea yale mengine. Aseme alijua Nicanor amekufa baharini, halafu akasema alivyosema. Basi." Akasimama. "Nipe viatu vyangu. Si hivyo, somo, vile vya kanisani."

Njiani nilimfundisha la kusema. Nilikuwa nimetunga hotuba nzito, ina meli, ina Mungu, ina laana mbili za mama yangu. Tila alitikisa kichwa kwa adabu, ndiyo, ndiyo, muda wote, na mtu anayenitikisia kichwa kwa adabu hanisikilizi.

Binti wa maigizo alikuwa ameshakaa, shali mabegani, glasi mbili mbele yake. Mtoto mzuri, hana kosa.

"Binti," Tila akamwambia, "hicho ni kiti changu."

"Nimeambiwa nikae hapa, mama. Mimi ndiye mama wa glasi mbili."

"Pole, mwanangu," nikamwambia. "Na mumeo ameenda wapi?"

Alimtazama Tila, akatazama glasi, akamtazama Tila tena. Wasanii si wajinga. Alivua shali akamwekea Tila mabegani, akaenda kusimama ukutani. Hilario kutoka kaunta alikuwa anatufanyia ishara za mtu anayezama. Nikamwinulia glasi.

Ivonne akatoka, gauni linametameta, makofi yakamfunika. Akaimba za zamani. Mashine zilikuwa kando ya jukwaa, mikanda inazunguka, bwana mwenye vidude masikioni ameinama juu yake kama anayemsikiliza mgonjwa. Ukaja wimbo wa kuagana. Piano. Kimya. Watu wakaanza kutabasamu kabla, kama wanaosubiri chakula wanachokijua.

Nikagonga. Ti-ti-ti. Safari hii kichwa na mkono vilikubaliana.

Ivonne akanyamaza, akangoja vilevile. "Mapenzi yanakufa hapa, na kuna mtu bado anataka maziwa."

Vigelegele. Taa zilikuwa machoni mwake, haoni mbali.

"Ni wewe tena, mama wa nguzoni? Mume hajarudi na sigara?"

Tila akasimama. Akatoka nyuma ya nguzo, akatembea katikati ya meza mpaka kwenye ukingo wa jukwaa, shali nyeusi mabegani, glasi ya Nicanor mkononi. Kicheko kikapungua meza moja baada ya nyingine. Watu wa mtaani walimjua. Wageni walidhani ni sehemu ya onyesho, wakapiga makofi, kisha wakaona wanapiga peke yao.

Ivonne alimtazama kutoka juu. Mimi nilikuwa nimeinamisha shingo, nikauona uso wake vizuri. Alimtambua. Jicho halidanganyi upesi kama mdomo. Lakini mdomo wake ulikuwa na mazoezi ya miaka mingi.

"Mabibi na mabwana," akasema, tamu kama asali, "kila mji una mama anayejidhania ndiye yeye. Mpigieni makofi."

Hakuna aliyepiga.

"Nakuuliza jambo moja," Tila akasema. Hakupaza sauti, lakini maikrofoni ilikuwa karibu, ukumbi mzima ulimsikia. "Unanijua?"

"Mama yangu kipenzi, ningependa sana. Ila ndiyo kwanza leo nakuona."

"Hatujawahi kuzungumza?"

"Kamwe."

"Uape."

"Naapa kwa mama yangu aliye kaburini," Ivonne akasema, mkono kifuani, na kule kwenye mashine mikanda ikazunguka ikayala maneno hayo.

Hapa ndipo hotuba yangu ilipopaswa kuanza. Nilikuwa naisema mdomoni pamoja naye, meli, Mungu, laana ya kwanza. Lakini Tila alitikisa kichwa kwa adabu, kama alivyonitikisia mimi.

"Sawa," akasema. "Basi nisamehe, nimekukatizia wimbo wako. Nilitaka kukwambia tu kwamba zipu yako imefunguka."

Sijaona mkono wa mtu ukienda mgongoni kwa kasi namna ile. Ivonne aliinama mbele, akasogea ukingoni, akaziba maikrofoni kwa kiganja, lakini kuziba kwenyewe ni kwa mtu aliyebanwa na gauni, vidole vikawa vimeachana.

"Palepale pa siku ile, Tila?" akanong'ona. "Una sindano?"

Mnong'ono ule ulitoka kwenye vipaza sauti vyote vya Pelikano, mpaka nje barabarani. Bwana wa mashine akainua kichwa. Na mkono wa Ivonne, uliokuwa bado unapapasa chini ya mabega, ukaikuta zipu imefungwa mpaka juu.